Karipio Lisiloandikwa: Historia ya Vitenzi Virai vya Kiingereza vya Kukaripia na Funzo Lake kwa Tafsiri ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kiingereza cha mazungumzo kina kundi la vitenzi ambavyo maana yake ya jumla ni kumsema mtu kwa hasira kwa sababu ya kosa alilolitenda. Miongoni mwavyo ni "tell off", "tick off", "dress down", "bawl out", "chew out" na "lay into". Kwa umbo, kila kimoja kina sehemu mbili: kitenzi cha kawaida, na neno fupi linalokifuata kama vile "off", "out", "down" au "into". Katika insha hii vinaitwa vitenzi virai. Maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za sehemu zake. Anayejua kwamba "chew" ni kutafuna na "out" ni nje hawezi, kwa ujuzi huo pekee, kutambua kwamba aliyetajwa kwa kitenzi hicho amekaripiwa.

Mwanafunzi wa tafsiri anayekutana na vitenzi hivi aghalabu huvipokea kama orodha ya kukariri, kisha huvipa vyote kisawe kimoja cha Kiswahili, yaani -karipia. Insha hii inadai kwamba desturi hiyo inafuta historia ambayo mfasiri anaihitaji. Hoja yake kuu ni kwamba vitenzi virai vya kukaripia vilikua katika pengo lililopo kati ya adhabu inayoandikwa na hasira isiyoandikwa. Vinataja karipio ambalo mwenye mamlaka hulitoa kwa mdomo, likamuuma aliyepewa, lakini lisiache alama yoyote katika jalada. Kwa kuwa Kiswahili nacho kina njia zake za kutenga karipio la jalada na karipio la mdomo, kosa la kuchanganya mambo haya mawili katika tafsiri haliishii katika mtindo. Linaweza kugusa haki ya mtu.

Insha inaanza na nafasi ya mkaripiaji katika sheria ya kale ya Uingereza, kisha inaeleza kukua kwa umbo la kitenzi kirai, inafuata vitenzi vyenyewe katika makambi ya jeshi la Uingereza na la Marekani, na mwisho inarejea kwenye Kiswahili.

2.0 Mkaripiaji Mbele ya Sheria

Kabla ya vitenzi hivi kuwapo, Kiingereza kilikuwa na neno "scold". Leo neno hili ni kitenzi chenye maana ya kukaripia, lakini lilianza kama nomino, takribani katika karne ya 13, likimtaja mtu mwenye ulimi mchafu. Wanaetimolojia wengi wanalihusisha na neno la Kinorse cha kale "skáld", yaani mshairi. Uhusiano huo si wa kushangaza kwa msomaji wa Kiswahili. Katika jamii za Skandinavia, kama ilivyokuwa katika malumbano ya washairi wa Pwani yetu, mshairi aliweza kusifu na aliweza pia kuumbua, na beti za kuumbua zilihesabiwa kuwa silaha.

Kilichotokea Uingereza ni kwamba jina hili lilifungamanishwa na wanawake na likaingia katika sheria. Kosa la kuwa mkaripiaji wa kudumu, yaani mtu anayewasumbua majirani kwa kelele na matusi, lilikuwa kosa la jinai chini ya sheria ya desturi. Mwanasheria William Blackstone, katika buku la nne la ufafanuzi wake wa sheria za Uingereza lililotoka mwaka 1769, alilieleza kosa hilo kuwa ni la wanawake, na alitaja jina lake la Kilatini ambalo lilikuwa katika jinsia ya kike. Adhabu yake ilikuwa kuketishwa katika kiti kilichofungwa kwenye mti mrefu na kuzamishwa majini mbele ya watu. Katika sehemu za Uskochi na kaskazini mwa Uingereza ilitumika pia hatamu ya chuma iliyofungwa kichwani, yenye kipande kilichokandamiza ulimi.

Adhabu hizi zilififia polepole. Mwaka 1809, katika mji wa Leominster, mwanamke aliyejulikana kwa jina la Jenny Pipes alizamishwa kwa kiti hicho, na tukio hilo hutajwa kuwa miongoni mwa matumizi ya mwisho yaliyoandikwa. Nchini Marekani, mwandishi Anne Royall alishtakiwa kwa kosa hilohilo mjini Washington mwaka 1829 na kutozwa faini ya dola 10. Nchini Uingereza kosa lenyewe lilifutwa rasmi kwa sheria ya mwaka 1967.

Jambo la kuzingatia hapa ni upande ambao sheria iliuelekea. Mtu wa chini aliyepaza sauti, hasa mwanamke, alipewa jina, kosa na adhabu. Bwana aliyemfokea mtumishi, fundi aliyemfokea mwanagenzi au ofisa aliyemfokea askari hakuwa na jina la namna hiyo. Hasira ya aliye juu ilihesabiwa kuwa sehemu ya kazi yake. Lugha rasmi ilikuwa na neno "reprimand", lililoingia kutoka Kifaransa katika karne ya 17 na lenye asili ya Kilatini, lakini hilo lilikuwa neno la ofisi na la hukumu. Kwa kelele za kila siku zilizotoka juu kwenda chini, wasemaji walijitungia maneno yao wenyewe, na waliyatunga kwa malighafi ya nyumbani.

3.0 Umbo la Kitenzi Kirai

Malighafi hiyo ilikuwa ya zamani. Katika Kiingereza cha kale, maana ya kitenzi ilibadilishwa mara nyingi kwa kiambishi kilichotangulia mzizi, kama inavyoendelea kuwa katika Kijerumani. Katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, viambishi vingi vya namna hiyo vilipoteza nguvu, na nafasi yake ikachukuliwa na maneno mafupi yaliyowekwa baada ya kitenzi. Wakati huohuo Kifaransa na Kilatini vilileta vitenzi vya kisomi. Matokeo yake ni kwamba Kiingereza kilipata tabaka mbili za vitenzi: vya asili ya kigeni kwa ajili ya mahakama, kanisa na maandishi, na vya asili ya Kijerumani, vifupi na vyenye neno la kufuatia, kwa ajili ya jikoni, shamba na karakana.

Samuel Johnson aliliona jambo hili alipochapisha kamusi yake mwaka 1755. Katika dibaji yake alieleza kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana na neno linalofuata ni miongoni mwa mambo yanayowatatiza zaidi wageni wanaojifunza Kiingereza, naye akajitahidi kuviorodhesha. Hata hivyo, kundi hili halikuwa na jina la kitaalamu lililoenea hadi mwaka 1925, Logan Pearsall Smith alipotumia istilahi ya Kiingereza inayotumika hadi leo, akieleza kuwa aliipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford.

Neno fupi linalofuata kitenzi halikuwekwa bure. Katika vitenzi vya kukaripia, "down" huonesha mwelekeo wa mamlaka: anayesema yuko juu na anayesemwa yuko chini. "Out" huonesha sauti inayotolewa yote, au tendo linalofikishwa mwisho. "Off" huonesha kukamilisha, kama mtu anayemaliza kitu kimoja katika orodha na kuendelea na kingine. Ufafanuzi huu ni wa jumla, lakini unasaidia kueleza kwa nini vitenzi hivi havikusambaa katika maneno yote mafupi ya lugha, bali vilikusanyika kwenye machache.

4.0 Orodha ya Majina: Jeshi la Uingereza

Mfano ulio wazi zaidi ni "tell off". Leo "tell" ni kuambia, lakini maana yake ya kale ilikuwa pia kuhesabu. Maana hiyo imebaki katika neno "teller", karani wa benki anayehesabu fedha, na katika vitenzi ndugu vya Kiholanzi na Kijerumani ambavyo bado ni vya kuhesabu. Katika jeshi la Uingereza la karne ya 19, "tell off" lilikuwa neno la kazi: kuwahesabu askari waliojipanga na kuwatenga kwa zamu, hawa kwa ulinzi, wale kwa kuchota maji, wengine kwa kuchimba. Maana ya kukaripia inaonekana katika maandishi karibu na mwaka 1919.

"Tick off" kilipita njia inayofanana na hiyo. "Tick" ni alama ndogo ya kalamu inayowekwa mbele ya jina au bidhaa iliyokwisha kuhakikiwa. Maana ya kukaripia inaonekana mwaka 1915, katika lugha ya wanajeshi. Vitenzi viwili, vyote vyenye asili ya orodha, viligeuka kuwa vya kukaripia katika miaka ileile na mahali palepale. Si rahisi kuliona jambo hilo kuwa sadfa.

Maelezo yanayotolewa hapa ni haya. Vita Kuu ya Kwanza vilileta jeshini watu ambao hawakuwa askari wa kazi. Mwaka 1916 Uingereza ilianza kuwaandikisha wanaume kwa lazima, na makarani, wachimba makaa, walimu na wauza maduka wakajikuta wamesimama mstarini wakiitwa majina. Kwao, kuitwa jina kwa sauti mbele ya wenzao lilikuwa tendo la kuhesabiwa na pia tendo la kufichuliwa. Aliyetengwa katika mstari kwa kazi chafu mara nyingi alikuwa yuleyule aliyekosea. Maana ya kuhesabu na maana ya kukaripia zilikutana katika tukio moja, na mstari ulipovunjwa na watu kurudi makwao, walirudi na neno likiwa limebeba maana mpya.

Hapa ndipo pengo lililotajwa katika utangulizi linapoonekana. Katika sheria ya jeshi la Uingereza, "reprimand" ni adhabu yenye ngazi na masharti, na huingia katika kumbukumbu za mhusika. Alichokifanya sajini asubuhi gwarideni hakikuwa adhabu hiyo. Hakikuandikwa, hakikuhitaji ushahidi, na hakikuwa na rufaa. Askari walikuwa na haja ya neno la kukitaja bila kukichanganya na hukumu, na walilipata.

"Dress down" kina historia ndefu zaidi. "Dress" kilitoka Kifaransa, na mzizi wake wa Kilatini una maana ya kunyoosha. Kabla ya kufungamana na mavazi, kilikuwa na maana ya kuweka sawa: kuchonga jiwe, kulainisha ngozi, kumsugua farasi, kunyoosha safu ya askari. Tangu zamani kilitumika pia kwa kejeli kumtaja mtu aliyepigwa, kana kwamba kipigo ni matengenezo. Maana ya kukaripia ilistawi katika karne ya 19, fimbo ikiachia ulimi nafasi. "Lay into" nacho kilikuwa cha kupiga kabla hakijawa cha kusema. Vitenzi hivi viwili vinatukumbusha kwamba karipio la mdomo mara nyingi lilirithi mahali pa kipigo, na halikuacha ukali wote wa kilichotangulia.

5.0 Sauti na Meno: Marekani

Nchini Marekani vitenzi vilivyotawala ni vingine. "Bawl out" kinaonekana katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. "Bawl" ni kupiga kelele, na asili yake inahusishwa na mlio wa mnyama, ama kubweka kwa mbwa ama mlio wa ng'ombe. Hapa orodha ya majina haipo tena. Kinachotajwa ni sauti yenyewe.

"Chew out" kilienea wakati wa Vita Kuu ya Pili, kutoka katika misimu ya wanajeshi. Takribani Wamarekani milioni 16 walipita katika majeshi ya nchi yao katika vita hivyo, na lugha ya kambi ikawa lugha ya kizazi kizima. Baada ya vita, kitenzi hiki kilihamia viwandani, ofisini na katika vyumba vya wachezaji, ambako kocha au meneja alichukua nafasi ya sajini. Mpangilio wa mamlaka ulibaki uleule: aliye juu hutafuna, aliye chini hutafunwa.

Tofauti ya sitiari kati ya nchi hizi mbili inafaa kuonwa, ingawa haipaswi kutiwa chumvi. Kitenzi cha Kiingereza cha Uingereza kinamtazama aliyekaripiwa kama jina katika orodha, na kile cha Kimarekani kinamtazama kama kitu kilicho mdomoni mwa mkaripiaji. Kinachofanana ni kwamba vyote vinachagua kutenda ambako si kusema: kuhesabu, kutia alama, kunyoosha, kubweka, kutafuna. Hakuna hata kimoja kinachotaja kosa lililotendwa. Aliyetumia kitenzi hicho hajasema kama karipio lilistahili au la, na kwa hiyo aliyekaripiwa anaweza kulisimulia tukio lake bila kukiri hatia.

6.0 Funzo kwa Kiswahili

Jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki, yaani King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, lilitumia sana Kiswahili katika amri na mafunzo. Kutokana na mazingira ya kijeshi ya zama za ukoloni, Kiswahili kilipokea majina ya vyeo kama koplo, sajini na kepteni, na kutoka kwa askari waliopitia Misri na Sudani kilipokea neno afande lenye asili ya Kituruki. Vitenzi vya kukaripia havikuja pamoja na vyeo hivyo. Sababu moja ni ya kisarufi, kwamba vitenzi vyenye neno la kufuatia ni vigumu kukopwa na lugha inayojenga maana kwa viambishi. Sababu ya pili ni kwamba nafasi haikuwa tupu.

Pale ambapo Kiingereza huweka neno baada ya kitenzi, Kiswahili kwa kawaida hutumia mnyambuliko, hasa kauli ya kutendea, ili kuipa hasira mlengwa. Kufoka ni kuchemka na kumwagika, kumfokea mtu ni kumwelekezea hasira. Kuwaka hugeuka kumwakia, kubweka hugeuka kumbwekea, kubwatuka hugeuka kumbwatukia. Aidha, Kiswahili kina miundo inayokaribiana sana na kitenzi kirai chenyewe, kama kumjia mtu juu, ambapo neno juu halitaji tena mahali bali ukali wa tendo. Kumshukia mtu nako kunabeba mwelekeo uleule uliomo katika "down". Na kama "tell" kilivyotoka katika kuhesabu kikafika katika kukaripia, ndivyo kitenzi -pasha, kilichotumika kwa kupeleka habari, kilivyozaa kumpasha mtu na hatimaye mipasho ya taarabu. Hata kitenzi -sema, kikipewa mtendwa, huwa karipio: "mama amemsema" haina maana ya kutaja jina lake.

Upande wa chini nao una sauti yake katika Kiswahili. Kusuta katika miji ya Pwani ni kazi ambayo wanawake wamekuwa na nafasi kubwa ndani yake, na yenyewe ni adhabu ya jamii dhidi ya mzushi. Katika sheria ya kale ya Uingereza, mwanamke aliyepaza sauti hadharani alikuwa mshtakiwa. Katika desturi ya kusuta, yeye ndiye anayeshtaki. Mfasiri akiziita hali hizi mbili kwa neno moja la kukaripia, atakuwa amefuta tofauti kubwa ya kijamii.

Hatari iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, iko katika neno -karipia lenyewe. Katika taratibu za nidhamu za utumishi na za vyama nchini Tanzania, nomino karipio imekuwa jina la adhabu rasmi. Ina nafasi yake katika ngazi za adhabu, pamoja na onyo, na inaandikwa. Kwa maneno mengine, karipio limechukua nafasi ya "reprimand". Tuchukulie mfanyakazi anayeeleza kwa Kiingereza, mbele ya chombo cha usuluhishi, kwamba msimamizi wake alim-"tell off" mbele ya wateja. Mfasiri akiandika kwamba mfanyakazi huyo "alipewa karipio", amemwandikia kumbukumbu ya nidhamu ambayo haikuwapo, na upande wa pili unaweza kudai kuwa alikwisha kuadhibiwa kabla. Akiandika kwamba "alifokewa mbele ya wateja", amelinda maana: kulikuwa na hasira, kulikuwa na fedheha, hakukuwa na hukumu. Kinyume chake, barua yenye "reprimand" ikitafsiriwa kwa kufokewa, adhabu halisi itageuka kelele za muda, na haki ya kukata rufaa inaweza kupotea bila mwenyewe kujua kwamba alikuwa nayo. Tangu sheria ya Tanzania ilipobadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, uwezekano wa makosa ya namna hii umekuwa jambo la kila siku badala ya kuwa mfano wa darasani.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatwa katika insha hii inaonesha hatua tatu. Kwanza, Kiingereza kilikuwa na jina na adhabu kwa mtu wa chini aliyekaripia, na hakikuwa na jina la namna hiyo kwa aliye juu. Pili, kwa kutumia vitenzi vya kawaida vilivyoambatana na maneno mafupi, wasemaji wa kawaida, na hasa askari walioandikishwa kwa wingi katika vita viwili vikuu, walijitungia majina ya kile walichotendewa na wakubwa wao. Tatu, majina hayo yalibaki nje ya lugha ya jalada, na thamani yake inatokana na kubaki nje huko.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba watunzi wa kamusi za Kiingereza na Kiswahili waeleze, kwa kila kidahizo cha kundi hili, mambo mawili pamoja na kisawe: mwelekeo wa mamlaka, na kama karipio linalotajwa ni la mdomo au la maandishi. Visawe -fokea, -wakia, -jia juu na -sema vitangulie, na -karipia iwekwe kwa tahadhari. Kwa mfasiri wa mahakamani au kazini, kanuni inaweza kufupishwa katika swali moja la kujiuliza kabla ya kuandika: je, jambo hili liliandikwa mahali popote? Ikiwa jibu ni hapana, basi neno karipio lisiwe la kwanza kumjia kalamuni.